Msuli hulipia kuachia

Mwaloni pale Kirumba, Mwanza, kuna mama ninayenunua kwake samaki, na kipimo chake ni kilekile tangu nimjue. Anamshika sato kichwani kwa mkono mmoja na kumlaza hewani. Mkia usipoinama, bei haishuki. Juzi nikamchokoza: "Mama, si barafu tu imemgandisha huyu?" Akaniangalia kama mtu aliyetukaniwa ukoo, akakichukua kidole changu gumba na kukibonyeza ubavuni mwa samaki. Nyama ikabonyea kidogo, ikarudi.

"Barafu inagandisha maji, ng'wanawane. Huyu amekaza mwenyewe."

Amekaza mwenyewe. Nimesoma baiolojia miaka kadhaa na sikuwahi kulisikia jambo hili likisemwa vizuri namna hiyo. Tukilitazama kwa makini ni jambo la kushangaza. Karibu kila mtu anaamini kwamba msuli unapokaza ndipo unapokula nguvu, na unapolegea ndipo unapopumzika. Sasa samaki aliyekufa hali, hapumui, wala damu yake haitembei. Kama kukaza ndiko kunakomaliza nguvu, marehemu huyu angelegea na kubaki amelegea. Mbona anakuwa mti? Na si samaki peke yake. Waliowahi kuandaa maiti wanajua kwa nini taya hufungwa kitambaa na mikono hunyooshwa mapema, kabla mwili haujakakamaa.

Maoni yangu ni kwamba hesabu ya msuli tunaisoma kinyume. Kushika hakudai kitu. Kinacholipiwa ni kuachia. Ukilishika hilo, mambo mengi ya hapa kwetu, kuanzia samaki wa Mwaloni hadi magoti yanayotetemeka kwenye milima ya mawe, yanaanza kueleweka kwa mpigo mmoja.

Mjini hapa neno "mnofu" ni la kiwandani. Minofu ya sangara hupakiwa na kusafirishwa Ulaya, na mifupa inayobaki tunaiita mapanki. Neno "msuli" tumewaachia wanaobeba vyuma. Kumbe ni kitu kimoja. Chukua kipande cha sangara kilichochemshwa ukiguse kwa kijiko: kinaachana kama kurasa za daftari lililolowa. Kila ukurasa ni bamba la msuli lililokuwa likiupinda mwili wa samaki upande mmoja. Uchambue ukurasa huo, utapata nyuzi, na kila uzi ni seli moja. Hapo macho yanaishia, ila ndani ya uzi mmoja kuna mamia ya nyuzi nyingine zenye unene wa maikromita 1 au 2 (maikromita 1,000 ni milimita 1), na kila moja imegawanyika vyumba vilivyojipanga foleni kama mabehewa ya treni. Chumba kimoja huitwa sarkomia. Kina urefu wa maikromita 2 na kidogo, hivyo katika milimita 1 vinaingia zaidi ya 400. Ramani hii haibadiliki sana ukitoka kwa sangara kwenda kwa chura, ng'ombe, au mpagazi aliyembeba sangara huyo.

Kuelewa kinachotokea ndani ya sarkomia, achana na mfano wa mpira unaovutwa. Fikiria maji yaliyo kati ya Kigongo na Busisi, enzi za kupanga foleni ya kivuko, kabla daraja la kilomita 3 halijafunguliwa mwaka 2025. Katikati ya maji weka mtumbwi mrefu. Kutoka Kigongo kuna kamba inayofika mtumbwini, na kutoka Busisi kuna nyingine. Wanaokaa mbele wanavuta kamba ya upande wao, wanaokaa nyuma wanavuta ya upande wao. Kamba hazifupiki. Mtumbwi haufupiki. Lakini kama kingo mbili zingekuwa zinaelea, zingesogeleana. Kingo za ghuba yetu hazisogei, najua. Za sarkomia zinasogea, na hiyo ndiyo maana nzima ya msuli kufupika.

Mtumbwi ni uzi mnene wa protini iitwayo miosini, urefu wa maikromita 1.6. Molekuli zipatazo 300 zimefungwa pamoja kuutengeneza, na kila molekuli ina vichwa viwili vinavyochomoza nje, kwa hiyo mtumbwi mmoja una mikono kama 600. Kamba ni nyuzi nyembamba za aktini, kila moja yenye urefu wa maikromita 1 hivi, na kuuzunguka mtumbwi mmoja zimepangwa sita. Kuna na mhusika wa tatu ambaye vitabu vya zamani havimtaji kabisa: titini, protini kubwa kuliko zote katika mwili wa binadamu, yenye amino asidi zaidi ya 30,000. Kazi yake ni kama ya nanga yenye kamba ya kunyumbuka. Inaushikilia mtumbwi ubaki katikati, na msuli ukivutwa kupita kiasi inaurudisha.

Picha hii ilichelewa kuja. Wataalamu walidhani nyuzi zenyewe hujikunja. Kisha mwaka 1954, toleo moja la jarida la Nature likachapisha makala mbili kwa pamoja: moja ya Andrew Huxley na Rolf Niedergerke waliotazama nyuzi hai za msuli wa chura huko Cambridge, nyingine ya Hugh Huxley na Jean Hanson waliokuwa Marekani wakitumia msuli wa sungura. Akina Huxley hao hawakuwa ndugu, jina tu ndilo liliwakutanisha. Wote waliona jambo moja dogo: msuli unapofupika, kuna mstari mweusi ambao upana wake haubadiliki. Mstari huo ni mtumbwi. Kama mtumbwi haufupiki na msuli unafupika, basi lazima kuna kitu kinateleza juu ya kingine.

Shuleni kwetu, ambako sitapataja, tulikariri majina ya mistari hiyo kwa herufi, A, I, H, Z, na mtihani ukauliza herufi. Ziwa lilionekana dirishani. Hakuna siku hata moja mwalimu alipoleta samaki darasani. Simlaumu sana, naye alifundishwa hivyo hivyo, lakini bado inanikera kwamba nilimaliza kidato cha sita bila kujua kwamba mchoro ule ndio kitoweo cha ugali wangu wa jana usiku.

Turudi kwenye mikono. Walioshuhudia mashindano ya mitumbwi wanajua raha yake iko wapi: wimbo unapigwa, makasia yote yanaingia majini kwa wakati mmoja. Ukitumia picha hiyo kwa msuli utapotea, na vitabu vingi vinakupoteza kwa kuchora vichwa vyote vya miosini vimeinama pembe moja kama gwaride. Mikono 600 ikiachia kwa pamoja, kamba inachomoka na kurudi ilikotoka. Mfano wa kweli ni wavuta kokoro, uvuvi haramu ambao hata hivyo sote tumeuona. Wale hawavuti kwa mkupuo mmoja. Huyu ameshika, yule ameachia anasogeza mkono mbele, wa tatu anavuta. Muda wote kamba iko mikononi mwa mtu, na muda wote kuna mtu ameiachia.

Sasa tumwangalie mmoja wao kwa karibu sana. Tuanze pale alipomaliza kuvuta. Mkono umekamata kamba, umekwama, na haujui kuachia. Inakuja molekuli ya ATP, ile sarafu ya nguvu inayotumika katika kila seli, inaingia kwenye kifuko kilicho kichwani mwa miosini. Kuingia kwake tu kunabadilisha umbo la kichwa, na mkono unaachia. Kisha ATP inavunjika vipande viwili, ADP na fosfeti, na kuvunjika huko kunaukunja mkono kwa nyuma, kama mtoto anavyovuta manati kabla ya kurusha. Mkono unagusa kamba mbele kidogo. Fosfeti inachomoka, manati inafyatuka, na kamba inavutwa kwa nanomita zisizozidi 10 au hapo karibu. Unywele wako una unene wa nanomita 70,000 hivi. ADP inatoka. Mkono umekamata, umekwama, haujui kuachia, unasubiri ATP nyingine.

Mpangilio huo ulielezwa na Lymn na Taylor mwaka 1971, na sijui kwa nini haujafika mtaani kwa zaidi ya miaka 50. Nisipotoshe: nguvu ya kuvuta nayo inatoka ndani ya ATP hiyohiyo. Ila angalia inalipwa lini. Inalipwa wakati wa kuachia, kabla ya kuvuta, kama umeme wa LUKU. Unanunua uniti kwanza, taa inawaka baadaye. Uniti zikiisha katikati ya kazi, mkono hauanguki pembeni kwa uchovu. Unabaki pale pale ulipokamata.

Na bili haiishii hapo. Mtu aliyetulia kitini hajakakamaa kwa sababu kamba zake zimefunikwa. Juu ya aktini kuna protini nyembamba, tropomiosini, iliyolala juu ya sehemu ambazo mikono ingezikamata, na pembeni yake kuna troponini, ambayo Mjapani Setsuro Ebashi aliigundua miaka ya 1960. Neva ikitoa amri, kalsiamu inamwagika kutoka kwenye ghala lililo ndani ya seli, inaigusa troponini, na kifuniko kinasogea. Mikono inapata kamba. Ili msuli ulegee, kalsiamu lazima irudishwe ghalani, na pampu za kuirudisha nazo zinaendeshwa kwa ATP: moja kwa kila kalsiamu mbili. Kwa hiyo hata kulegea, ambako tunakuita kupumzika, kuna mtu analipa.

Msome sasa sato wa Mwaloni. Amekufa, moyo umesimama, akiba ya ATP inapungua hadi inaisha. Pampu zinasimama. Kalsiamu inavuja, vifuniko vinasogea, mikono inakamata kamba, na ATP ya kuwaambia waachie haipo. Mama hakukosea hata neno.

Kukakamaa huku kunaweza kuja mapema au kwa kuchelewa. Samaki aliyepambana na nyavu usiku kucha amekwisha kutumia akiba yake kabla hajafika mtumbwini, kwa hiyo anakakamaa haraka, na hali hiyo haidumu sana. Aliyetolewa majini upesi na kuuawa papo hapo anachelewa. Ndiyo maana samaki wawili waliotua mwalo mmoja asubuhi moja wanaweza kuwa mmoja rula na mwingine kitambaa, na mteja akaapa kwamba wa pili ni wa jana. Huenda huyo laini ndiye aliyekufa sasa hivi, bado ana uniti. Jicho na mashavu ndivyo vitakavyokuambia ukweli, mkia hautoshi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanunuzi wenzangu kuhusu "samaki wa barafu", msemo ambao mjini hapa umekuwa tusi. Watu wanamwona mgumu na baridi, wanahitimisha kwamba ni wa siku nyingi. Kwa samaki wa maji ya joto kama ya ziwa letu, kumtumbukiza kwenye barafu kunaweza kumfanya akakamae mapema zaidi, kwa sababu baridi kali inazivuruga zile pampu za kalsiamu kalsiamu inavuja, na ATP inaisha upesi zaidi. Ugumu wake hauhesabu siku. Wakati huohuo barafu inawapunguzia kasi bakteria na vimeng'enya, ambavyo ndivyo maadui wenyewe. Aliyekaa juani kwenye tenga bila barafu ndiye wa kuogopa.

Na yule anayelegea siku ya pili au ya tatu? Watu wanasema "ameachia". Hajaachia. Mikono ya miosini bado imekamata vilevile. Kilichotokea ni kwamba vimeng'enya vya mwili wenyewe vimekata kamba pale zilipofungwa ukingoni, pamoja na ile nanga ya titini. Ni mtumbwi uliokatiwa kamba, watu wake wangali wameng'ang'ania vipande.

Kuna faida moja katika msiba huo, na ni ya jikoni. ATP iliyobaki haipotei hewani, inashuka ngazi kwa ngazi hadi kuwa kitu kiitwacho inosini monofosfeti, ambacho ulimi unakipenda. Sehemu ya utamu wa mchuzi wa sato mbichi ni masalia ya sarafu za msuli. Ukimchelewesha, ngazi inaendelea kushuka hadi kwenye haipozanthini, yenye uchungu. Wajapani wamelifanya hili kuwa kipimo rasmi: wanahesabu samaki ameshuka ngazi ngapi, na kwa hilo wanajua wa kuliwa mbichi na wa kupelekwa motoni.

Nimechelewa kufika kwa mpagazi, naye ndiye aliyenifanya niandike. Asubuhi ileile ya sato nilimwona kijana amesimama na ndoo mbili zilizojaa samaki, viwiko vimepinda kidogo, akimsubiri tajiri wake amalize kubishana bei. Alisubiri muda mrefu. Ndoo hazikupanda wala kushuka. Tajiri alipogeuka akamkuta anatokwa jasho, akacheka: "Sasa wewe umechoka nini, kusimama?"

Kwa fizikia ya darasani tajiri ana hoja. Kazi ni kani mara umbali, umbali ni sifuri, kazi ni sifuri. Meza ingezishika ndoo hizo mwaka mzima bila kudai chai. Lakini msuli si meza. Ndani ya mikono ya kijana yule mabilioni kwa mabilioni ya vichwa vilikuwa vinakamata, vinavuta kidogo, vinaachia, vinakamata tena, ili ndoo zibaki mahali palepale, na kila kuachia kulikuwa na bei yake. Vingekamata tu bila kuachia asingelipa kitu, lakini angekuwa kama sato. Akiba ya ATP iliyomo msulini inatosha sekunde chache tu za kazi nzito. Zaidi ya hapo mwili unatengeneza nyingine papo kwa papo kutoka kwenye alichokula. Kijana alikuwa anachoma ugali wake kumsubiria mtu mwingine amalize mazungumzo. Kusubiri na mzigo mkononi ni kazi, na ningependa ilipwe hivyo. Sioni hoja ya upande wa pili inayosimama.

Kinyume chake kinaonekana wakati wa kushuka. Wanaokaa juu ya mawe, Mabatini au Igogo, watakwambia kupanda kunamaliza pumzi lakini kushuka na mzigo ndiko kunakoharibu mapaja: magoti yanatetemeka, na kesho yake ngazi hazishukiki. Unaposhuka, msuli wa paja unavuta huku ukirefushwa kwa nguvu na uzito wako. Vichwa vya miosini vinang'olewa kwenye kamba na mzigo wenyewe, bila kungoja ATP. Ndiyo maana kushuka hakukuhemeshi: sehemu ya gharama ya kuachia imebebwa na mlima. Ila mkono ulionyang'anywa kamba si sawa na mkono ulioachia. Baadhi ya sarkomia zinavutika kupita kiasi, kuta zake zinapinda, na maumivu ya siku ya pili yanatoka kwenye uharibifu huo mdogo. Wanaosema ni asidi ya maziwa imeganda mwilini waiache hiyo hadithi. Asidi hiyo husafishwa ndani ya saa moja au mbili, haisubiri hadi kesho.

Jumamosi nilinunua sato wa kizimba akiwa bado anafungua mdomo. Nilimkata nyumbani, nikaweka vipande kwenye sinia. Mpwa wangu wa miaka tisa ndiye mwenye zamu ya chumvi. Aliponyunyiza, kipande kimoja kikatikisika. Akaruka nyuma.

"Mjomba, si amekufa?"

"Amekufa. Uniti hazijaisha."

Tukainama wote wawili juu ya sinia. Nyuzi zilikuwa zinacheza upande mmoja wa kipande, zinatulia, zinacheza upande mwingine, kama upepo unavyopita juu ya maji. Nikamweleza chumvi inazishtua seli na kalsiamu inamwagika. Sijui alisikia kiasi gani, macho yake yalikuwa kwenye nyama. Nilipokuwa nakatakata nyanya akarudi kimyakimya na kijiko cha chumvi, akanyunyiza tena palepale, akasubiri. Safari hii hakikutikisika, na alipokibonyeza kwa kidole kilikuwa kimeanza kuwa kigumu.